Mimi, Mpishi na Kitenzi cha Kuku

Kiswahili kina huruma kwa mtu anayelala. Ukijitupa kitandani mwenyewe, unalala. Ukimtupa mwenzako, unamlaza. Hata mtoto anayejifunza kusema hachanganyi mambo hayo, kwa sababu mkia wa neno unamwambia nani amefanya nini. Dholuo nacho kina neno lake la kulala na lake la kulaza, na mtu hahitaji kwenda shule kuyatofautisha.

Kiingereza hakina huruma hiyo. Kina *lie*, ambalo ni kulala, na *lay*, ambalo ni kulaza. Kingeishia hapo tungevumilia. Lakini *lie* likirudi nyuma hadi jana linageuka na kuwa *lay*, yaani aliyelala jana na anayelaza leo wanavaa shati moja. Na juu ya hayo, *lie* hilohilo ni kusema uongo. Nasema haya kwa hasira kidogo, mnisamehe. Vitenzi hivyo viwili nusura vinirudishe Migori kuuza mafuta ya taa maisha yangu yote.

Nilivisoma shuleni Kendu Bay, kwa mwalimu aliyeamini kwamba kila kitu cha Kiingereza kinaweza kuimbwa. Tulisimama asubuhi tukaimba: *lie, lay, lain, lay, laid, laid*. Tuliimba vizuri, kwa sauti mbili, na hatukujua tunachoimba. Msichana mmoja alipothubutu kuuliza tofauti, mwalimu alifikiri kwanza, kisha akaandika ubaoni kwamba watu hufanya *lie* na kuku hufanya *lay*. Alipiga mstari chini yake akaendelea na somo la nyota.

Mimi nilikishika kitu kile kama dawa. *Laid* ni la mayai. Mtu mwenye heshima zake halitumii kwa binadamu, sembuse kwa mgonjwa. Nilimaliza darasa la nane nikiwa na hakika hiyo, na kama si yaliyonipata ningekuwa nayo mpaka leo.

Ilikuwa miaka michache baada ya Uhuru. Nilikuwa msichana, nikapata kazi ya usaidizi wa wadi katika zahanati ya misheni ya Wasabato iliyokuwa kati ya Kendu Bay na Homa Bay, mahali ambapo ukifungua dirisha unaona ziwa na ukilifunga bado unalinusa. Kazi yangu ilikuwa kuosha wagonjwa, kuwabadilishia shuka na kumwaga yale yanayomwagwa. Niliipenda, na sijui kwa nini watu huona haya kusema walipenda kazi ya namna hiyo. Nilikuwa na mikono mizuri. Wagonjwa walinitafuta mimi wakati wa kugeuzwa, wakawaacha wenzangu wamesimama.

Nilitaka kuwa muuguzi wa kweli, mwenye cheti na kofia. Mwaka ule zahanati yetu iliruhusiwa kupendekeza mtu mmoja kwenda chuo cha wauguzi, mmoja tu, na wa kumtaja alikuwa Sista, muuguzi mkuu wetu. Nisipopendekezwa, baba yangu alikuwa ameshaniwekea kiti nyuma ya kaunta ya duka lake Migori. Alikuwa mfanyabiashara mpole, Msabato wa kuzaliwa, na kiti chenyewe kilikuwa na mto. Lakini nilipokitazama nilijiona nimekaa pale mpaka nizeeke, nikinuka mafuta ya taa na chumvi ya mawe, nikibishana na wateja kuhusu ujazo wa chupa. Niliogopa kiti kile kuliko ugonjwa wowote wa wadini.

Sista alikuwa mama mrefu, mkali kwa vumbi na mpole kwa watoto. Alitoka nchi ya baridi huko Ulaya, si Uingereza. Kiingereza alikijua kutoka katika vitabu vya tiba na katika Biblia, na hiyo Biblia aliijua zaidi. Aliamuru kila msaidizi atoe ripoti ya asubuhi kwa Kiingereza, akiwa amesimama wima, mbele ya wagonjwa na wafanyakazi wote. Alisema asiyeweza kuripoti hataweza chuoni. Sikumlaumu kwa hilo na simlaumu sasa.

Basi, wadini kwetu kulikuwa na mzee mmoja mvuvi wa Rusinga, mguu wake umefungwa plasta mpaka pajani. Hakuwa na meno, lakini alikuwa na hamu ya kula kuliko sisi sote. Chakula cha zahanati kilimchosha. Misheni ile haikuruhusu mumi, yule samaki asiye na magamba ambaye wengine humwita kambare, kwa kuwa Maandiko yanamkataza. Mzee alitueleza mara nyingi kwamba yeye si Msabato, mguu wake si Msabato, na tumbo lake ndilo si Msabato kabisa.

Sabato moja watu wote walikwenda kanisani, tukabaki zamu mimi na mpishi. Mpishi alikuwa shemasi, mtu mzima mwenye mabega mapana na sauti ya kuimbia besi. Nilikuwa nafua bendeji nyuma ya nyumba niliposikia kishindo na vicheko. Nilikimbia. Mzee wa Rusinga alikuwa chini, kando ya kitanda cha dirishani, amekumbatia mumi wa kukaushwa kwa moshi. Alikuwa amemwona kwenye karai la mama mmoja aliyepita nje, akajivuta hadi dirishani, akamnunua, kisha plasta ikamshinda uzito. Bahati njema aliangukia ndani.

Nilimwita mpishi. Tulimwinua mzee, mimi miguuni, yeye mabegani, tukamlaza kitandani. Mguu haukuwa na neno. Samaki mpishi alimchukua, akasema anakwenda kumtupa, na alivyosema hivyo hakunitazama. Tulikubaliana tusimtaje mumi kwa mtu yeyote, kwa sababu kulikuwa na makosa mawili ndani yake: najisi, na kununua siku ya Sabato. Mzee angefukuzwa na plasta yake.

Asubuhi iliyofuata ilikuwa zamu yangu ya kuripoti. Nilijua siwezi kunyamaza, maana wadi nzima iliona, na mgonjwa akiulizwa hujibu. Nikaamua niseme kidogo. Kichwani nilikuwa na sentensi yangu nzuri ya Kiswahili: mzee hakuwa vizuri, nikamlaza na mpishi.

Sasa itazame hiyo sentensi. Mzee yumo ndani ya kitenzi, amejificha katika kale ka *m*. Kiswahili kimembeba mgongoni na huhitaji kumtaja tena. Na neno *na*, kwetu, ni la kushirikiana: nimelima na dada, nimepika na jirani, nimemlaza na mpishi. Hakuna ubaya wowote. Nilipoivusha sentensi kwenda Kiingereza, *m* ilizama njiani. Halafu nikafika kwenye kitenzi. Ilikuwa jana, na *laid* ni ya kuku. Nikachagua *lay*. Nilisimama wima kama tulivyofundishwa.

"*The old man was not comfortable*," nikasema. "*So I lay with the cook on the bed near the window. Now everybody is happy.*"

Anayejua Kiingereza ameshaelewa. Nilikuwa nimetangaza, mbele ya watu wote, kwamba nililala na mpishi kwenye kitanda cha dirishani na sasa kila mtu ana furaha. Wala si kwa maneno ya mtaani. Nililisema kwa maneno yaleyale ya Biblia ya Kiingereza, yale wanayoyatumia kwa Daudi na mke wa mtu, na Sista alikuwa ameyasoma tangu utotoni.

Sista aliuliza kama amesikia vizuri, na mpishi? Nilimthibitishia, nikaongeza kuwa mpishi ana nguvu sana. Aliuliza kama ilikuwa siku ya Sabato. Nikasema ndiyo, wakati wa ibada, kwa sababu wengine wote walikuwa kanisani. Aliuliza, kwa sauti iliyokuwa imeshuka, kama kuna mtu aliyetuona. Nilihisi ninapewa nafasi ya kuleta mashahidi, nikasema wagonjwa wote walituona na mmoja alitushikia kitanda kisisogee.

Nyuma yake alisimama dresa, yaani mfunga vidonda wetu, mwanamume wa makamo ambaye ndiye aliyekuwa mkalimani wake. Nilimwona ameinamisha kichwa, anahesabu vidole vya viatu vyake.

Kisha Sista aliniuliza kama kuna jambo ninalomficha. Hapo nilimkumbuka mumi. Uso ulinichoma moto, macho yakaenda sakafuni yenyewe. Sista naye alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Akaniambia nitundike aproni yangu, niende nyumbani Migori mpaka nitakapoitwa na kamati ya kanisa.

Nilijua moja kwa moja kwamba mumi amegunduliwa.

Migori baba alinipokea bila maswali, jambo ambalo linatisha zaidi kuliko maswali. Barua haikuja, ila habari ilitangulia kwa basi: binti yako ana neno na mpishi. Nilimweleza kuwa ni habari ya samaki. Akanitazama, akauliza ni samaki gani wa kumfukuzisha mtu kazi. Nikasema mumi. Alisikitika, kisha akaonekana kupata nafuu, kisha akanionyesha kiti.

Nilikaa. Nilipima mafuta ya taa kuanzia asubuhi. Wateja wetu wengi walikuwa Wakuria kutoka kule karibu na mpaka, watu wa maneno machache, na mzee mmoja wao aliponiona nimenuna alinishauri niende "nikarare". Alimaanisha nikalale, maana l na r kwao ni ndugu. Hata yeye, na r yake, alijua tofauti ya kulala na kulaza. Wakati ule sikujua kwamba hiyo ndiyo kesi yangu. Nilikuwa nawaza mumi, na nilikuwa nalia kila nikiosha chupa, kwa sababu nafasi yangu ya chuo ilikuwa inapotea kwa samaki ambaye hata sikumwonja.

Kamati ilipoita, baba alifunga duka tukaenda pamoja. Walikaa kanisani, wazee wachache kwenye benchi, mchungaji akiwa mwenyekiti, Sista kwenye kiti cha pembeni, dresa amesimama katikati ili kutafsiri. Mpishi alikuja na shati lake la ushemasi. Mzee wa Rusinga aliletwa kwenye kiti na plasta imenyooshwa mbele kama mlingoti, akiwa shahidi. Yeye peke yake ndiye aliyekuwa na uso wa mtu aliyekuja harusini.

Sasa, kwetu kuna mambo hayatajwi mbele ya baba wa msichana. Mwenyekiti alikuwa mtu wa adabu. Alizunguka. Aliliita jambo lenyewe "jambo lile", akaliita "tendo la siku ya Sabato", akaliita "hayo mliyoyafanya wakati wenzenu wanasali". Hakuna alipotaja kulala. Mimi na mpishi tulitazamana, na kila mmoja akaona machoni mwa mwenzake mumi yuleyule.

Mwenyekiti akamgeukia mpishi, akamwuliza kwa upole kama anakiri.

"Nakiri, Jaduong'," mpishi akasema, akitumia neno letu la kumheshimu mzee. "Shetani alinishinda. Lakini nilionja tu."

Benchi lilisogea. Dresa alitafsiri kwa sauti ndogo, na Sista akafumba macho. Mwenyekiti aliuliza kama amejuta. Mpishi alijibu kwamba amejuta, lakini hawezi kuongeza uongo juu ya kosa, kitu chenyewe kilikuwa kitamu. Mwenyekiti akajifuta uso kwa leso, akauliza kama mke wake anajua. Mpishi akasema anajua vizuri, kwa kuwa alimpelekea nyumbani, na tena mama huyo ndiye aliyemalizia.

Wazee walianza kunong'onezana. Hapo baba yangu akainuka. Alikuwa amevaa koti lake la Sabato na alizungumza polepole, kama mtu anayetaka hesabu ieleweke. Aliomba kuuliza swali moja tu: je, binti yake naye alionja?

Mpishi akasema hapana, msichana alikataa hata kukishika, alisema kitu hicho hunukisha mikono.

Sitasahau uso wa mwenyekiti. Mimi nilikuwa nimesimama muda mrefu na hasira zangu zilikuwa zimefika shingoni. Niliona tunaonewa. Nikasema bila kuombwa kwamba kama kuna kosa, lianzie kwa huyu mzee hapa mwenye plasta, kwa sababu ndiye aliyenunua.

"Kununua?" mwenyekiti akasema. "Alinunua nini?"

"Mumi."

"Mumi gani?"

Mzee wa Rusinga ndiye aliyejibu, akiwa bado na tabasamu. Alisema alikuwa mumi mnene, wa kukaushwa kwa moshi wa kuni za kweli, na kama wazee wanataka anaweza kuwaelekeza kwa huyo mama.

Mwenyekiti alimtazama dresa, akamwambia aache kuzunguka, aseme kwa maneno yaliyonyooka Sista ananishtaki kwa nini. Ajabu ni kwamba aliyekuwa akizunguka alikuwa yeye. Dresa alikohoa. Aliwatazama baba yangu, na mpishi, na viatu vyake.

"Nyar Migori," akaniambia, maana ndivyo tulivyoitana, binti wa mahali fulani, "Sista anasema wewe mwenyewe ulimwambia. Ulisema ulilala na mpishi. Kitandani."

Baba alikaa chini. Mpishi alisimama, akakaa, akasimama tena, akaniuliza nini amenikosea mpaka nimzushie kitu kama hicho. Na mimi, badala ya kulia, nikasikia akili yangu inafunguka kama mlango uliosukumwa na upepo. Nilimwona mwalimu wetu, na mstari wake ubaoni, na kuku.

"Sikusema nililala," nikasema. "Nilisema nililaza. Kitenzi ndicho kimelala."

Hakuna aliyenielewa. Nikaona maneno hayatatosha, na tena nilikuwa nimemkasirikia dresa kupita kiasi, kwa sababu nilikuwa nimetambua kwamba alielewa tangu asubuhi ile ya ripoti. Nikamwita mpishi. Nikamwambia amshike huyu bwana mabegani, mimi nitashika miguu. Mpishi, ambaye sasa alikuwa na sababu zake mwenyewe, hakusubiri kuambiwa mara mbili. Tulimwinua dresa akiwa na tai yake na kalamu mfukoni, tukamnyoosha juu ya meza ya mbele ya kanisa.

"*This is lay*," nikamwambia Sista. "*I lay with the cook.*"

Kisha nikaenda kando, nikalala chali sakafuni peke yangu, nimenyoosha mikono, sketi yangu nimeibana vizuri kwa heshima ya baba.

"*And this is lie*," nikasema. "*Where is the cook?*"

Mpishi alikuwa kule mezani, bado amemshikilia dresa. Mzee wa Rusinga alipiga makofi. Alisema hivyohivyo, hasa, ndivyo walivyomfanya, isipokuwa yeye walimfanyia taratibu zaidi.

Sista alikuwa amesimama. Aliniambia kwa Kiingereza kwamba nilipaswa kusema *laid*, na nilipaswa kumtaja mgonjwa: *laid him*. Nilimjibu kutoka sakafuni kwamba *laid* ni ya kuku, ndivyo tulivyofundishwa. Alibana midomo. Nilidhani ananikasirikia, nikainuka nikajipangusa vumbi. Kumbe alikuwa anajizuia kucheka, na alipojaribu kusema kicheko kilimtoka puani, akageukia ukuta mabega yakitetemeka. Alipogeuka tena macho yalikuwa na maji. Akaniambia polepole kwamba hata yeye anaiogopa *lay* tangu shuleni, na kwamba akiweza hutafuta neno jingine ili asipite hapo.

Nilimhurumia, nasema kweli. Kiingereza hakikuwa cha mama yake wala cha mama yangu. Tulikuwa tumekikodi wote wawili, na nusura kituuzie kesi.

Kamati ilinisafisha. Lakini kamati haiwezi kuketi ikaondoka mikono mitupu, na mumi alikuwa ameshatajwa kwa midomo ya watu watatu. Mpishi alisimamishwa ushemasi kwa muda, na mkewe akaonywa. Tulipotoka nje aliniambia kwamba ningejua Kiingereza vizuri yeye angekuwa bado shemasi. Nilimwambia angetupa samaki alivyosema angekuwa bado shemasi pia. Hatukusalimiana kwa wiki kadhaa, ingawa uji wangu aliendelea kuutilia sukari.

Baba alirudi Migori peke yake. Alisema kiti kitanisubiri, na ingawa nilikuwa nimeshinda kesi, nililisikia neno hilo kama kitisho. Maana nafasi ya chuo ilikuwa bado haijasemwa. Sista alikuwa amenirudishia aproni, basi. Bwana mmoja afisa wa tiba alikuwa anatarajiwa kutoka Homa Bay kuja kumwona aliyependekezwa na kusikia sababu kabla ya kumkubali.

Alikuja asubuhi moja, kijana wa Kiafrika mwenye suti na gari la serikali. Ofisi ile ilikuwa imezoea kuleta wazungu. Sista alifurahi sana kumwona, na nadhani alitaka kumpa heshima ya nchi mpya. Akaamua kuzungumza Kiswahili. Hatukuwahi kumsikia akikizungumza zaidi ya salamu. Alitukusanya wadini, wagonjwa wote wakiwa vitandani, akaniweka mkono begani, akasema kwa sauti ya kanisani:

"Huyu binti ni mzuri kabisa. Kila siku anakula wagonjwa. Anakula polepole. Hata huyu mzee hana meno, anakula yeye mpaka kwisha."

Alitaka kusema nawalisha. Mkia wa neno ulikuwa umemponyoka.

Nilingoja. Nilitazama vitanda kimoja baada ya kingine. Hakuna aliyecheka. Mzee wa Rusinga, ambaye kwa mujibu wa maelezo hayo alikuwa ameshaliwa mpaka kwisha, aliinua mkono akasema ahsante Sista. Wengine wakaitikia ahsante. Mpishi mlangoni aliitikia kwa besi. Dresa aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyesikia jambo la busara. Ni afisa peke yake aliyebaki ananitazama mimi, kisha Sista, kisha mimi, na uso wake ukaanza kukunjamana. Alikuwa anajiuliza kama anafanyiwa mzaha mbele ya watu, na niliona nafasi yangu inaelea hapo hewani, juu ya herufi mbili tatu ambazo hazikusemwa.

"Anasema nawalisha, bwana," nikamwambia. "Nawalisha vizuri, polepole, mpaka wamalize."

"Ah," akasema. "Anawalisha."

"Ndiyo. Anakula, analisha. Ni mkia tu."

Akatabasamu, akampa Sista mkono, akanipa na mimi. Nafasi ikawa yangu. Sista alinikumbatia kwa nguvu za mtu asiyejua kama amekosea popote, na hakuna aliyemwambia, wala mimi sikumwambia. Nilimpenda siku ile, na nilikuwa na hasira, yote mawili kwa pamoja, na sijui ipi ilikuwa juu.

Jioni nilimkuta dresa chumba cha dawa anakunja bendeji. Nilimwuliza kwa nini Sista amesema nakula wadi nzima mchana kweupe na hakuna aliyeitisha kamati.

"Aa, nyar Migori, mwachie," akasema. "Si anajaribu?"

Nikamwuliza, basi mimi asubuhi ile ya ripoti, nimesimama pale wima na Kiingereza changu, alidhani nilikuwa nafanya nini. Aliendelea kukunja bendeji ileile, akaifungua, akaikunja tena.